Bima ya Gari kwa Dereva Mwenye Kihatarishi Kikubwa: Namna ya Kupata Ada Unayoimudu

Mazungumzo kwa madereva na wamiliki wa magari



 Tunatambua kwamba kwa dereva wa teksi, saa moja ya kukaa kitini ni saa moja bila abiria, na hesabu ya jioni haipungui kwa sababu alikuwa mkutanoni. Kwa hiyo tutajitahidi kusema yale tu yatakayowafaa.

Lipo swali ambalo huulizwa kwa maneno mbalimbali, lakini maana yake ni moja: “Nilikwenda kukata bima kubwa, nikatajiwa ada ambayo jirani yangu mwenye gari kama langu hakutajiwa. Je, hii ni haki?” Jibu letu ni kwamba yawezekana ni haki, na bado yawezekana ikapungua. Zipo njia halali za kuipunguza, na leo tutazipitia. Ipo pia njia moja ambayo siku ya kwanza huonekana nafuu kuliko zote, lakini mwishoni humgharimu dereva gari lake, kazi yake, na wakati mwingine akiba ya familia nzima. Hiyo nayo tutaieleza, kwa kuwa wanaoipita si watu wabaya. Wengi wao ni watu waliobanwa na bei.

Kwa nini ada zinatofautiana

Bima ni mfuko wa pamoja. Wengi huchangia, na mchango huo hulipa hasara za wachache waliopatwa na majanga katika mwaka huo. Mfuko hauwezi kudumu iwapo kila mmoja atachangia sawa ilhali uwezekano wa kupata hasara haulingani. Ndiyo maana kampuni, kabla ya kutaja ada, hutazama mambo kadhaa: thamani ya gari, matumizi yake, madai yaliyolipwa miaka iliyopita, uzoefu wa wanaoliendesha, na mahali linapolazwa usiku.

Katika soko letu, bima hufuata zaidi gari na matumizi yake kuliko mtu anayeshika usukani. Hata hivyo, dereva naye huhesabiwa. Mwenye leseni ya miezi michache, kijana wa umri mdogo, mtu aliyedai fidia mara mbili katika mwaka mmoja, na anayebeba abiria wa kulipia, wote hawa huwekwa kwenye kundi la kihatarishi kikubwa.

Tunaomba neno hilo lisichukuliwe kuwa tusi. Dereva wa teksi aliye makini, lakini yuko barabarani saa kumi na mbili kila siku, hukutana na hatari nyingi kuliko mwalimu asiye makini anayeendesha gari siku ya Jumapili tu. Kampuni haihukumu tabia yake. Inahesabu saa zake za kuwa barabarani.

Kwa hiyo, ukitajiwa ada, usiishie kusema ni kubwa. Uliza imejengwaje: kiwango cha msingi ni kipi, nyongeza ni kiasi gani na ya nini, na kodi ni shilingi ngapi. Omba majibu hayo kwa maandishi. Anayejua kwamba nyongeza imetokana na gari kulala nje ya uzio, anajua la kufanya. Asiyejua hubaki na kinyongo tu.

Bei ina sakafu

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza kutumia chombo cha moto barabarani bila bima inayowakinga watu wengine. Hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo. Humlinda yule utakayemgonga. Haitengenezi gari lako. Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lako mwenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Katikati ya hizo mbili ipo bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, ambayo wengi hawaiulizi kwa sababu hawajapata kuisikia.

Viwango vya chini vya ada za bima za magari huwekwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009. Lengo la viwango hivyo ni kuzuia kampuni kushindana kwa kupunguza bei hadi mfuko ukaishiwa na fedha za kulipa fidia. Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, katika bima ndogo nafasi ya kupatana bei ni finyu, hivyo usipoteze siku nzima ukizunguka kuitafuta. Nafasi kubwa ya kupata unafuu iko kwenye bima kubwa. Pili, mtu akikuuzia bima kwa bei iliyo chini ya sakafu hiyo, hajakupendelea. Huenda stika aliyokupa ni bandia, au fedha zako hazitafika kwenye kampuni.

Kabla ya kuondoka ofisini kwa wakala, hakiki bima yako kupitia mfumo wa TIRAMIS kwa kutumia namba ya usajili wa gari. Tazama jina la kampuni na tarehe za kuanza na kuisha. Kisha soma hati ya bima yenyewe, hasa kifungu kinachotaja matumizi ya gari. Stika humridhisha askari wa barabarani. Kifungu hicho ndicho kitakachoulizwa siku ya ajali.

Njia fupi na mwisho wake

Sasa tuieleze ile njia tuliyoitaja mwanzoni. Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wengi wenu mtaona mnamfahamu mhusika.

Kijana wa miaka 24 amepata gari la mkataba lenye thamani ya shilingi milioni 20. Kila wiki anapeleka hesabu kwa mwenye gari, na baada ya miaka kadhaa gari litakuwa lake. Analitumia kubeba abiria wanaomwita kwa simu. Anapokwenda kukata bima anaambiwa kwamba gari la biashara ya abiria, likiendeshwa na dereva mwenye leseni ya mwaka mmoja, litatozwa shilingi laki nne zaidi ya gari la matumizi binafsi. Mtu aliyesimama pembeni anamnong’oneza: “Andika binafsi. Nani atajua?” Anaandika binafsi.

Mwezi wa tano, usiku, mvua ikinyesha, anamgonga mtembea kwa miguu kwenye kivuko, gari linapanda tuta na kugonga ukuta. Abiria aliyekuwa nyuma anavunjika mkono. Anapohojiwa na polisi, abiria anasema ukweli: alikuwa amelipa nauli. Hana sababu ya kusema vinginevyo. Maelezo hayo yanaingia kwenye jalada, na kampuni ya bima inaposoma jalada, jibu la “nani atajua” linakuwa limekwishapatikana.

Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu. Anayeficha jambo ambalo lingebadilisha ada, au uamuzi wa kumkubali, huipa kampuni sababu ya kukataa dai lake. Gari la milioni 20 halitatengenezwa. Kuhusu majeruhi, hata pale sheria inapoilazimisha kampuni kumlipa mtu wa tatu, kampuni inaweza kurudi na kumdai mwenye bima kile ilicholipa. Naye mwenye gari bado anasubiri hesabu zake, kwa kuwa mkataba wao haukusema kwamba gari likiharibika deni litasamehewa. Shilingi laki nne zilizookolewa zimezaa deni la miaka.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika bima, urefu wake ni kutoka siku ya kulipa ada hadi siku ya ajali ya kwanza. Kwa dereva mwenye kihatarishi kikubwa, siku hiyo iko karibu kuliko kwa wengine. Ndiyo sababu ya kuitwa hivyo. Hivyo mtu anayehitaji zaidi bima iliyo sahihi ndiye anayeshawishika zaidi kuiandika kwa uongo. Hili ndilo jambo kubwa tunaloomba mwondoke nalo leo.

Njia halali za kupunguza ada

Ya kwanza ni kulinganisha. Wazee wetu walikuwa na dirisha moja: kuanzia mwaka 1967 biashara ya bima Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko kwa kampuni nyingine. Leo zipo nyingi, na hazipimi kihatarishi kwa namna moja. Kampuni moja huogopa sana vijana. Nyingine huogopa zaidi gari la kukodishwa. Chukua bei kutoka kampuni tatu au zaidi, ukitoa taarifa zilezile kwa kila moja. Ukitaka msaada, fahamu tofauti hii: wakala huiwakilisha kampuni, lakini dalali wa bima humwakilisha mteja. Wote wawili wanapaswa kuwa na leseni, nawe una haki ya kuomba kuiona.

Ya pili ni kuamua kiasi utakachobeba mwenyewe. Katika bima kubwa, kila dai lina sehemu ambayo mwenye bima hujilipia kabla kampuni haijaongeza yake. Ukikubali kubeba zaidi, ada inaweza kupungua. Lakini piga hesabu kwanza. Tuseme kampuni inakupa chaguo mbili: ulipe ada ya shilingi 1,000,000 na kubeba asilimia 5 ya kila dai, au ulipe 850,000 na kubeba asilimia 10. Usipopata ajali mwaka mzima, chaguo la pili limekuokolea 150,000. Ukipata ajali moja ya milioni 3, utabeba 300,000 badala ya 150,000, nawe umetoka sare. Ukipata ajali mbili za aina hiyo, umepata hasara. Yatazame maisha yako ya barabarani bila kujidanganya, kisha uchague. Vilevile hakikisha kiasi hicho unacho mahali, kwa kuwa gereji haitaanza kazi kwa ahadi. Soma pia kama mkataba unaongeza sehemu hiyo endapo gari litakuwa linaendeshwa na dereva kijana au mwenye leseni mpya. Sharti la namna hiyo lipo katika mikataba mingi.

Ya tatu ni kutaja thamani sahihi. Ukizidisha, unalipa ada ya bure, kwa sababu gari likiharibika kabisa hulipwa thamani yake ya sokoni siku hiyo. Ukipunguza, unajipunguzia fidia. Tuseme gari la milioni 20 limekatiwa bima kama la milioni 12, na mkataba una sharti la wastani. Matengenezo yakigharimu milioni 5, kampuni italipa sehemu kumi na mbili tu kati ya ishirini, yaani milioni 3. Milioni 2 ni zako. Kila mwaka unapohuisha bima, uliza upya bei ya gari kama lako, kwa maana gari huchakaa na thamani hushuka.

Ya nne ni kudhibiti wanaoendesha. Ikiwa nyongeza imetokana na kijana wa nyumbani aliyemaliza shule ya udereva majuzi, uliza ada itakuwaje endapo bima itamtaja dereva mmoja au wawili wazoefu tu. Lakini ukishakubali sharti hilo, funguo zisitoke mikononi mwenu. Siku moja ya “nenda mara moja dukani” yaweza kuvunja mkataba wa mwaka mzima.

Ya tano ni kupunguza kihatarishi chenyewe. Kifaa cha kufuatilia mahali gari lilipo, maegesho yenye mlinzi, namba ya gari iliyochongwa kwenye vioo, breki na matairi yaliyokaguliwa: yote haya ni hoja za kuweka mezani. Uliza kabla ya kununua kifaa, kwani si kila kampuni hutoa punguzo kwa kila kitu. Na mwendo ndio hoja kubwa kuliko zote. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi hakikuwekwa kwa ajili ya faini. Ni mpaka unaoamua kama aliyegongwa atakwenda hospitali au makaburini.

Ya sita ni kujenga historia safi. Kampuni nyingi hutoa punguzo kwa mwenye bima aliyemaliza mwaka bila kudai, na punguzo hilo hukua mwaka hadi mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo pima kila dai dogo. Ikiwa kuchonga na kupaka rangi bampa ni shilingi 180,000, na sehemu unayobeba mwenyewe ni 200,000, dai hilo halikupi chochote, bali laweza kukunyima punguzo. Hata hivyo, iwapo mtu mwingine ameumia au mali yake imeharibika, toa taarifa polisi na kwa kampuni mara moja, hata kama hukusudii kudai. Kunyamaza ni kuvunja sharti la mkataba. Unapohama kampuni, omba barua inayoeleza miaka uliyokaa nayo na madai uliyolipwa. Barua hiyo ndiyo cheti chako kwa kampuni mpya.

Ya saba ni kuchagua aina ya bima inayolingana na gari. Gari la zamani lenye thamani ndogo huenda halihitaji bima kubwa. Ikiwa ungeweza kumudu hasara ya gari lenyewe, bima ndogo, au ile yenye moto na wizi, yaweza kukutosha. Lakini gari la mkopo au la mkataba ni jambo jingine: soma mkataba wako, na ujiulize nani atalipa deni gari lisipokuwepo.

Malipo

Bima huanza baada ya ada kulipwa. Wakala akikuambia, “Chukua stika, utanilipa mwisho wa mwezi,” fahamu kwamba hana mamlaka ya kukukopesha kinga ya kampuni. Ukipata ajali katikati ya mwezi huo, utajikuta unaeleza hali ambayo hakuna hati ya kuithibitisha. Lipa kwa njia rasmi za kampuni, si kwa simu ya mtu binafsi, na udai risiti. Ikiwa fedha ya mara moja ni tatizo, zipo benki na taasisi za fedha zinazotoa mkopo wa ada ya bima. Uliza riba yake kwanza, uijumlishe kwenye ada, kisha ulinganishe tena. Njia nyingine ni ya zamani na haina riba: gawanya ada ya mwaka kwa wiki 52 na uitenge kila wiki pamoja na fedha ya matengenezo. Ada ya shilingi 1,040,000 ni shilingi 20,000 kwa wiki.

Ukiona hukutendewa haki

Kampuni ina haki ya kupima kihatarishi, nawe una haki ya kupewa maelezo. Ukikataliwa bima au dai lako likakataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha uandikie uongozi wa kampuni. Usiporidhika, fika katika ofisi za Mamlaka zilizo katika kanda, au peleka mgogoro kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imewekwa na sheria ili mwananchi asilazimike kuanzia mahakamani. Nenda na hati ya bima, risiti ya ada, taarifa ya polisi na barua zote mlizoandikiana. Mwenye karatasi husikilizwa mapema kuliko mwenye hasira.

Ndugu zetu, hatutawaahidi kwamba aliyepata ajali mbili mwaka jana atalipa ada ndogo mwaka huu. Pengine hatalipa ndogo. Lakini akisema ukweli, akalinganisha, akachagua kwa hesabu kiasi cha kubeba, na akamaliza mwaka mmoja bila dai, mwaka unaofuata ataingia ofisini akiwa na barua mkononi. Na hata kabla ya hapo, ajali ikitokea usiku wa mvua, atapiga simu kwa kampuni bila hofu ya kuulizwa matumizi ya gari lake.